Mume wangu ataka tuhamishie ukumbi wetu Riat, nami naogopa roho ya ukumbi itabaki mjini

Kwako Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi bila kudhani kwamba siku moja nami ningekuandikia. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, na Mwenyezi Mungu ametujalia watoto wawili. Tangu mwaka wa 2017 ninaendesha ukumbi mdogo katika gorofa ya kwanza ya jengo kuukuu la maduka, si mbali na barabara ya Oginga Odinga. Mchana tunauza chai, kahawa na vitabu vilivyokwisha kusomwa. Kila Alhamisi na Jumamosi jioni tunasogeza meza ukutani, tunatandika mikeka, na vijana wanapanda jukwaani kusoma mashairi, kupiga nyatiti na orutu (ala za nyuzi za Wajaluo), na kusimulia visa kwa Kiswahili, kwa Dholuo na kwa ile lugha yao ya mtaani ambayo mimi mwenyewe nusu yake huipata kwa kukisia.

Ngazi za kupandia kwetu ni za saruji, nazo zimelika katikati kwa kukanyagwa. Chini yake hukaa mama anayechoma mahindi. Wengi wa wateja wangu wa leo walisimama kwanza kwa mama huyo, wakasikia orutu ikilia juu, wakapanda kuangalia kuna nini, hindi likiwa bado mkononi. Mpigaji wetu bora wa orutu ni fundi wa pikipiki huko mtaani Kondele. Mara ya kwanza aliniletea mzigo tu, akabaki mlangoni karibu saa nzima na helmeti kichwani, kisha akaniuliza kwa aibu kama mtu asiyesoma anaruhusiwa kuja Alhamisi. Shangazi, watu wa aina hii ndio waliofanya ukumbi wangu ukawa ukumbi.

Sasa nikueleze yaliyonisibu. Mume wangu alichukua mkopo kwenye chama chao cha akiba, akanunua ploti Riat, kule kilimani nje ya mji, na nyumba yetu imebakia kupakwa rangi tu. Karibu na nyumba hiyo rafiki yake amejenga jengo jipya la biashara lenye maegesho, ulinzi na roshani inayotazama ziwa. Ametuahidi chumba cha chini kwa nusu ya kodi kwa miezi sita ya kwanza. Mume wangu anasema kila anayejiweza anahamia huko juu, hoteli na mikahawa mizuri inafunguliwa huko, na baada ya miaka mitano hakuna atakayeshuka mjini usiku kutafuta burudani. Wakati huohuo mwenye jengo letu ameniandikia kwamba kuanzia Januari kodi itapanda kutoka shilingi 38,000 hadi 50,000 kwa mwezi.

Jumamosi moja alinipeleka Riat ili nijionee. Sitasema uongo: ni kuzuri. Hewa ni baridi, taa za mji zinaonekana chini kama makaa yaliyotawanywa, na watoto wanaweza kukimbia bila mimi kushika roho. Lakini katika mkahawa tulioketi kulikuwa na binti akiimba kwa gitaa, naye aliimba vizuri, na kwa saa mbili hakuna aliyegeuza kiti kumtazama. Kila meza ilikuwa na watu wake. Nilirudi nyumbani nikalia, na mume wangu hakuelewa ninalia nini. Tangu hapo tukilizungumza jambo hili hatumalizi bila kukwaruzana.

Hata marafiki hawanisaidii. Mmoja anasema utamaduni wa mjini haupandwi mlimani kama miche ya miti. Mwingine aliniambia kwamba ninang'ang'ania umaskini wa watu wengine na kuuita sanaa, na neno hilo limenichoma mpaka leo. Natakiwa nitoe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Je, Shangazi, kiunga cha kisasa kinaweza kweli kushindana na jiji lenyewe kwa uhai wa mjini? Ama nitakuwa nimehamisha viti na mikeka na kuiacha roho kwenye zile ngazi?

Mwenye Ukumbi,
Kisumu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwa kijana mwenye helmeti mlangoni. Nakushukuru kwa kuniandikia kwa uwazi.

Naona umebeba mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja. Kuna kodi inayopanda, na hiyo ina tarehe. Kuna nyumba mpya na mumeo, ambaye ameona njia ya familia yake na anashangaa kwa nini wewe huioni. Kisha kuna swali uliloliweka mwisho, ambalo nadhani ndilo linalokukosesha usingizi: kama kiunga kinaweza kuwa na uhai ambao tumezoea kuutafuta mjini. Nitaanza na hilo, kwa sababu ukilielewa vizuri, hayo mengine hutayazungumza tena na mumeo kwa namna ileile.

Kwamba inawezekana, hilo tumeliona hapahapa nchini. Westlands ya Nairobi ilikuwa kiunga ambacho wakazi wa mitaa iliyo jirani walikwenda kununua mahitaji yao. Sarit Centre ilifunguliwa huko mwaka wa 1983, na katika miongo iliyofuata ofisi zikahamia huko, mikahawa ikafuata, na leo kijana wa Nairobi akisema anatoka usiku, huenda anakwenda Westlands kuliko katikati ya jiji. Mumeo akikutajia mfano huo hatakuwa amekosea. Ila nakuomba uangalie ni nini kilichofanya kazi pale. Maduka mazuri yalisaidia, lakini Westlands iko njiani. Matatu za Kangemi, za Kabete na za Kikuyu zinapita hapo mchana kutwa, na mwenye gari la kifahari na mwenye nauli ya mwisho mfukoni wanavuka barabara moja. Tena ilichukua zaidi ya kizazi kimoja. Na hata baada ya hayo yote, katikati ya jiji hakukufa. Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa mwaka wa 1952, uko palepale, na watu wanaendelea kwenda. Mwaka wa 2003 wasanii walipoanzisha kituo cha sanaa cha GoDown, walikianzishia katika ghala kuukuu la eneo la viwanda. Hawakukipeleka katikati ya jiji wala kwenye mitaa ya wenye nazo.

Sasa turudi Kisumu. Wazee husimulia kwamba jina la mji wenu linatokana na neno la Dholuo la kwenda kutafuta chakula na kubadilishana bidhaa, kwamba hapo ndipo watu walipofika na walichokuwa nacho wakarudi na walichokosa. Reli ilipofika mwaka wa 1901, kituo kikiitwa Port Florence, soko hilo la wageni kwa wageni lilipanuka: Wajaluo, Waluhya, Wahindi wenye maduka, Waswahili na Wanubi, ambao hata leo ukifika Kaloleni unawakuta wajukuu zao. Mimi naamini kwamba uhai unaousema wewe umetoka hapo, katika kukutana kwa watu ambao hawakupanga kukutana. Mtu hapangi kupanda ngazi zako. Amekuja kununua mahindi. Kiunga, kwa kawaida, mtu hukiendea akiwa amekwisha amua anakwenda kwa nani na atakula nini, na ndiyo sababu ulimwona yule binti akiimba bila kutazamwa. Milimani imekuwa mtaa wa wakubwa tangu enzi za ukoloni, iko karibu na ziwa na ina miti mizuri, lakini mgeni akitaka kusikia ohangla, ule muziki wa Kijaluo, usiku, wengi watamwelekeza Kondele. Mandhari peke yake hayajawahi kuzaa muziki.

Majengo makubwa nayo hayatoshi. Mamboleo, mnakopita mkipanda kwenda Riat, iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka wa 2021 katika uwanja mpya, na Mei mwaka wa 2022 mkutano wa miji ya Afrika, Africities, ukaleta wageni kutoka kila pembe ya bara hili. Hizo zilikuwa siku za fahari, nami nilifurahi kwa niaba yenu. Kisha wageni wakaenda zao, na Alhamisi ya wiki iliyofuata aliyetaka kusikia shairi alikuja wapi?

Hata hivyo, mwanangu, kuna mahali nataka nikuulize kwa upole, kwa sababu naona umeiangalia Riat kutoka upande mmoja tu. Umeiangalia kutoka mjini, ukiwa chini unatazama juu, na kwa hiyo umeiona kama mwisho wa njia. Lakini barabara ile inaendelea. Inafika Kiboswa, soko ambalo Kisumu na Vihiga wanagawana, kisha Majengo, Chavakali, mpaka Kakamega. Je, umewahi kukaa kando ya barabara hiyo saa kumi na moja jioni ukahesabu matatu zinazotoka kaskazini? Kwa mtu wa Vihiga, huko juu ndiko anakoanzia kuuona mji. Na mbele yake, huko Kakamega, kuna isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orutu na isukuti havikai chumba kimoja mara nyingi. Sikwambii kwamba vitakaa kwako. Nakuuliza tu kama Riat unayoiogopa ni mlima wenyewe, au ni ule mkahawa mmoja wa Jumamosi moja.

Tena, wale uliowaona wakikaa kila mtu na meza yake, unawajua? Tangu serikali za kaunti zianze mwaka wa 2013, watu wengi wenye kazi za ofisi wamerudi nyumbani kutoka Nairobi. Baadhi yao walizoea kwenda kutazama michezo ya kuigiza wakiwa wanafunzi, na sasa wana watoto wasiojua nyatiti ina nyuzi ngapi. Siku ile walikuwa wamekuja kula, na hakuna aliyewaalika kusikiliza. Kumbuka mwaka wako wa kwanza pale mjini. Alhamisi ya kwanza waliketi wangapi kwenye mikeka yako, na wangapi kati yao walikuwa ndugu zako?

Na upande wa pili pia usiuone kama jiwe lisilotikisika. Wewe unazungumza kana kwamba mjini patakungoja. Waliokula samaki wa Lwang'ni kando ya ziwa walidhani vile vibanda vingekuwapo daima, kwa kuwa kila mgeni aliyefika Kisumu alipelekwa hapo, lakini vilibomolewa na waliokuwa wakikaanga wakatawanyika. Jengo lako ni kuukuu, na barua ya kodi umekwisha ipata. Kinachokuwezesha wewe kumpa jukwaa kijana asiye na kitu ni kwamba chumba chako kilikuwa rahisi, kiasi kwamba usiku wa watu saba haukukufilisi. Kodi ikifika 50,000, je, bado utaweza kuwa na usiku wa watu saba? Nauliza kwa sababu mtu anaweza kubaki palepale na mambo yakabadilika chini ya miguu yake.

Kuhusu rafiki aliyekuchoma kwa maneno, nakuombea moyo wako utulie. Sidhani alisema kweli, kwa sababu mtu anayetumia umaskini wa wengine hamfungulii mlango fundi wa pikipiki akamwachia kiti. Lakini kuna kitu kimoja cha kuchukua katika ukali wake: katika barua nzima umenieleza vijana watapoteza nini, na hujanieleza wao wenyewe wamesema nini. Umewauliza? Huenda wapo watakaoumia, na huenda wapo ambao wamekuwa wakitamani kusikiwa na watu wenye uwezo wa kuwaalika kwenye harusi na hafla na kuwalipa vizuri.

Sasa mumeo. Nisomapo maneno yake simwoni mtu anayedharau kazi yako. Namwona baba anayelipa mkopo na anayetaka mkewe asiwe anarudi nyumbani usiku, kilomita kadhaa za mlima, siku mbili kila wiki. Hilo ni jambo zito, nawe hukuliandika, labda kwa sababu kila mnapozungumza mnaanza na swali la mji upi una uhai. Kwa mashindano hayo atakushinda kwa hesabu nawe utamshinda kwa machozi, na nyumba itabaki bila rangi. Jaribuni jioni moja kuzungumza bila kutaja Riat wala mjini. Mwulize anaogopa nini. Kisha umweleze wewe ulikuwa unalia nini Jumamosi ile, kwa sababu kwa jinsi ulivyoandika, naona hajaambiwa.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya mbili. Unaweza kubaki na kujadiliana na mwenye jengo. Mpangaji wa miaka mingi anayelipa kwa wakati ana uzito wake, na huenda akakubali kupandisha kodi kidogokidogo kwa mkataba wa miaka kadhaa. Hatari yake ni kwamba utahitaji kuuza chai nyingi zaidi au kutoza kiingilio, na kiingilio kikizidi nauli, wale uliowataka wabaki ndio watakaokuwa wa kwanza kukosekana. Mkihamia nyumba mpya huku ukumbi ukiwa bado mjini, basi suala la kurudi usiku lazima lipate jibu la kweli, na watoto wapate mtu wa kukaa nao. Usimwachie mumeo aone kwamba ndilo jukumu lake jipya bila kuulizwa.

Ukihama kabisa, hiyo nusu kodi ya miezi sita iandikwe, pamoja na kodi ya mwezi wa saba na wa kumi na tatu, na mtu asiyekuwa rafiki wa mumeo aisome kabla hamjatia sahihi. Urafiki na kodi vikikaa nyumba moja, huwa vigumu kudai haki. Uliza pia kuhusu kelele. Majirani waliopanda mlima kutafuta utulivu huenda wasiifurahie ngoma saa tatu usiku. Na uliza, zaidi ya yote, kuhusu kurudi. Kijana wa Kondele au Nyalenda anaweza kupata matatu ya kupanda jioni. Kushuka baada ya onyesho ni kwa boda, na bei ya boda usiku ni ile anayoitaka mwenye boda. Nimeona kumbi nzuri zikipoteza watu wake kwa nauli ya kurudi tu, wala hakuna aliyekuja kumweleza mwenye ukumbi sababu.

Ipo njia nyingine ambayo ningependa uifikirie kabla ya mwisho wa mwezi, ingawa nayo si nyepesi. Mwombe yule rafiki wa mumeo akuachie chumba chake kwa jioni moja tu, kabla ya kutia sahihi chochote. Kodisha matatu moja iwachukue watu wako Kondele saa kumi na moja, na iwarudishe saa tatu na nusu. Gharama hiyo mwombe mumeo mchangie pamoja, ili iwe jaribio lenu wawili. Mwombe pia mama wa mahindi aje na jiko lake, umlipe siku yake. Waalike majirani wa huko juu kwa mdomo, mlango kwa mlango, na usiweke meza. Tandika mikeka, ili mwenye suti na mwenye ovaroli wakae urefu mmoja. Hatari ya njia hii ni uchovu, na ni rahisi ikageuka desturi ya kuendesha kumbi mbili zilizo nusunusu, jambo ambalo limewachosha wengi wenye moyo kama wako. Jioni moja nayo haiwezi kukuonyesha miaka mitano. Lakini utakuwa umeona kwa macho yako badala ya kubishana juu ya kisichoonekana, na mumeo atakuwa ameketi hapo akisikiliza. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo aliwahi kupanda zile ngazi jioni ya Alhamisi. Kama hajawahi, huenda huko ndiko kwa kuanzia, hata kabla ya Riat.

Ukifanya lolote kati ya haya, niandikie tena, mwanangu. Nieleze ni nani walioshuka na matatu ya mwisho, ni nani aliyebaki kukunja mikeka, na yule fundi wa Kondele alipiga wimbo gani.

Wako,
Shangazi